Tuanze na maji: hotuba kwa vijana wa Kongo walioko Kampala

Maneno haya niliyasema Jumatatu, Juni 30, 2025, mbele ya vijana wa Kongo waliokusanyika Nsambya kuadhimisha siku ya uhuru wetu. Waliokuwa kazini, na wale walioko kambi za Nakivale na Kyangwali, wameniomba niyaweke hapa yote. Nimeondoa salamu ndefu za mwanzo tu.

Wazee wetu, mama zetu, jambo yenu. Wadogo zangu, jambo sana.

Leo Kongo inatimiza miaka 65 tangu Wabelgiji washushe bendera yao. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikiwaangalia mnavyoingia. Kuna waliokuja na jezi za Leopards, timu yetu ya taifa. Kuna waliokuja moja kwa moja kutoka barabarani, vitenge bado viko begani, hereni na mikufu bado vimefungwa kwenye ubao, kwa sababu hakuna mahali salama pa kuviacha. Kuna waliotembea kwa miguu kutoka Katwe na Makindye kwa kuwa pesa ya boda ndiyo pesa ya chakula cha jioni. Nimewaona. Asanteni kwa kuja.

Naomba mnijibu kitu kimoja. Nani humu ndani alizaliwa kabla ya 1996? Inueni mikono. Mnaona? Ni wazee peke yao, na mimi, na wale mama wawili kule nyuma. Nyinyi wengine wote mmezaliwa vitani. Mlizaliwa waasi wa AFDL wakipita, au waasi wa RCD wakitawala, au wale wa CNDP wakiwa Masisi. Mlikuwa shule ya msingi M23, kundi jingine la waasi, ilipoingia Goma Novemba 2012 kwa mara ya kwanza. Na Januari 27 mwaka huu mlikuwa watu wazima iliporudi kuichukua Goma, na Februari ikaichukua Bukavu. Watu zaidi ya milioni 7 wamehama makwao ndani ya nchi yetu wenyewe. Wakongomani zaidi ya nusu milioni tuko hapa Uganda. Halafu mtu anawaambia vijana wa Kongo hawana uvumilivu! Mnataka kuvumilia kiasi gani tena?

Ijumaa iliyopita, kule Washington, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda wametia sahihi mkataba wa amani. Simu yangu haikulala. "Mwalimu, tufunge mizigo?" "Mwalimu, ni kweli safari hii?" Wadogo zangu, ninaomba kwa moyo wangu wote iwe kweli. Lakini mimi nimeona Lusaka 1999. Nimeona Sun City 2002. Nimeona mkutano wa Goma 2008, nikiwa mjini humo humo. Nimeona Addis Ababa 2013, nimesikia Nairobi, nimesikia Luanda. M23 hawakuwa kwenye meza ya Washington, wana mazungumzo yao Doha. Na nyinyi mlikuwa kwenye meza gani? Hamna.

Kwa hiyo leo sitazungumza juu ya mkataba. Tuseme umefanikiwa. Tuseme kesho asubuhi barabara ya mpakani Bunagana imefunguliwa na mnarudi nyumbani. Mnarudi kwenye nini? Mnarudi kwenye mji ambao mpakani bado kuna karani anayesubiri kitu kidogo, bombani bado hakuna maji, na jirani bado anamtazama jirani usoni kwanza ili ajue kama amsalimu. Hayo hayatibiwi Washington. Yatatibiwa na watu wa umri wenu, na wapo wa umri wenu walioanza zamani. Nimekuja kuwataja.

Wa kwanza mmemsikia wiki mbili zilizopita, Juni 15, Roma, Kanisa lilipomtangaza Mwenyeheri: Floribert Bwana Chui. Wangapi mlijua habari zake kabla ya mwezi huu? Ndiyo, wachache. Basi nisikilizeni, na wasio Wakatoliki msikilize vilevile, kwa maana habari hii ni ya Wakongo wote.

Floribert alikuwa mtoto wa Goma. Alizaliwa 1981, akasoma sheria hapo hapo Goma. Jioni alikuwa na maibobo, wale watoto wa mitaani ambao sisi wengine tulikuwa tukishika mifuko kwa nguvu tukiwaona. Yeye aliwafundisha kusoma. Mwaka 2007 akapata kazi ambayo kijana yeyote wa Goma angeiota, kwenye ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Kazi yake ilikuwa kuangalia chakula kilichoharibika na kusema: hiki hakiingii.

Mnajua mpaka wetu. Mnajua jinsi nafasi ile inavyoweza kumjengea mtu nyumba ya ghorofa kando ya ziwa kwa muda mfupi. Ukaja mchele uliooza. Wenye mchele wakampa pesa aupitishe, akakataa. Wakaongeza dau, akakataa. Wakatumia wakubwa wampigie simu, akakataa. Akamtafuta mtawa mmoja aliyekuwa daktari, akamuuliza: watu wakila kitu hiki, itakuwaje? Alipojibiwa, akaamuru mchele ule uharibiwe. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Naomba tukae hapo kidogo, tusikimbilie kusema alikuwa mtakatifu, kwa sababu tukisema hivyo haraka tunamweka mbali nasi. Alikuwa mtumishi kijana wa serikali, na mchele ule aliouzuia ungeliwa na nani? Ungeuzwa mitaa ya Birere na Virunga, hapo hapo Goma, kwa bei ya chini. Ungeliwa na mama zetu, na watoto wao, na maibobo wale wale. Hakuna hata mmoja wao ambaye angewahi kujua nani alipokea pesa. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua mimi. Angeweza kuipokea, asijulikane milele.

Sisi tumelelewa na Kifungu cha 15, ile sheria ya mzaha ya mitaani. Hata nyinyi mliozaliwa Mobutu akiwa ameshaondoka mnakijua: jitafutie mwenyewe. Serikali haikulipi, jitafutie. Nimefundisha sekondari Goma miaka ambayo mshahara wa mwalimu ulitoka mifukoni mwa wazazi. Prime, tuliita. Mtoto ambaye mzazi wake hajalipa prime anatolewa darasani katikati ya somo. Katiba yetu ya 2006 ilisema shule ya msingi ni bure, na bado tukangoja hadi Septemba 2019 ndipo serikali ikaanza kuitekeleza. Ninaelewa kwa nini watu walijitafutia. Simlaumu mama aliyeuza ndizi bila kibali. Lakini Kifungu cha 15 kilitufanya tusione tena tofauti kati ya mama anayeuza ndizi na mtu anayeuza sahihi yake. Vyote tukaviita kujitafutia. Floribert aliiona tofauti hiyo, akaisimamia.

Na tusiseme mambo hayo yamebaki Goma. Hapa hapa Kampala kuna Mkongomani anayemwambia Mkongomani mwenzake aliyefika jana usiku na watoto: nipe shilingi elfu 50 nikusogeze mbele kwenye foleni ya usajili. Usajili ni bure! Anamuuzia mtu aliyekimbia mabomu kitu ambacho ni bure! Kama yumo humu ndani, namwambia kwa upendo na namwambia waziwazi: wewe na yule mwenye mchele mnafanya biashara moja.

Sasa nije kwa wa pili. Hawa si mtu mmoja, na ndiyo maana ninawapenda.

Nani hapa amewahi kuchota maji Kituku? Mikono. Naam, nilijua. Basi wenzetu waliotoka Kisangani na Lubumbashi wasikie. Goma imelala kando ya Ziwa Kivu. Maji unayaona kila mahali, ukipanda kilima kidogo tu unayaona mpaka upeo wa macho. Na bombani, hewa. Saa kumi na moja alfajiri wasichana wako ufukweni na mabidoni ya njano ya lita 20. Wanaingia ziwani hadi magotini, wanazamisha bidoni, wanapanda nayo kwenye mawe ya volkano yanayokata nyayo. Pale juu amekaa kijana na ndoo ya klorini na sindano ya hospitali isiyo na ncha. Anavuta dawa kidogo, anaichuruzisha ndani ya kila bidoni. Siku asipofika, au dawa ikiisha, wiki ijayo tuna kipindupindu. Watoto niliowafundisha walifika darasani saa mbili wakiwa wameshabeba maji safari mbili, na mimi nawaambia fungueni kitabu cha fizikia.

Mwaka 2012, vijana wachache wa Goma, wengi wao wanafunzi wa chuo, walianza kukutana. Wakajiita LUCHA, mapambano kwa ajili ya mabadiliko. Wengi mnalijua jina kwa sababu ya picha za polisi na mabomu ya machozi. Mimi nataka mjue walivyofanya kazi. Kwanza, hawakuwa na rais. Fikirini! Nchi ambayo vijana watano wakianzisha timu ya mpira, wanne wanagombana nani awe rais wa timu, hawa wakasema hakuna rais, tunakaa, tunajadiliana mpaka tukubaliane. Kwa hiyo mkubwa aliyetaka kuwanunua alikosa wa kumnunua. Pili, hawakushika hata jiwe. Walipigwa, wakakaa chini barabarani. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, walidai kitu chenye jina. Hawakuanza na "tunataka Kongo ibadilike." Nani anaweza kuijibu hoja hiyo? Waziri yeyote atakwambia hata yeye anataka. Walisema: Goma inataka maji. Bomba fulani, mtaa fulani, pesa ya mradi fulani ilikwenda wapi? Wakaandika barua, wakabeba mabidoni matupu barabarani, wakakamatwa, wakatoka, wakarudi na swali lile lile.

Mtu ataniambia: Mwalimu, na maji yamepatikana? Hayajatosha mpaka leo, sitawadanganya. Lakini kilipatikana kitu kingine. Kilipatikana kizazi kilichozoea kuuliza hadharani. Na kizazi hicho kilipofika 2016, na Rais Kabila muda wake ukiwa unakwisha na uchaguzi hauandaliwi, kilikuwa tayari kuuliza swali kubwa zaidi.

Februari 16, 2016, nchi nzima iliitwa ifunge: maduka yafungwe, pikipiki zisimame, watu wabaki nyumbani. Tarehe ile haikuokotwa. Februari 16, 1992 Wakristo waliandamana Kinshasa kudai demokrasia wakapigwa risasi. Basi alfajiri ya siku hiyo, Goma, polisi waliingia nyumba moja wakawakuta vijana 6 wa LUCHA na vitambaa vya kuandikia ujumbe. Mmoja wao alikuwa Rebecca Kabugho, msichana wa miaka 22. Mahakama ikawapa miaka 2 jela. Kwa vitambaa! Wakakata rufaa, ikapunguzwa hadi miezi 6. Dada zangu, mnaijua Munzenze, gereza la Goma. Mnajua kilichowapata wanawake waliokuwa mle ndani siku Goma inaanguka mwaka huu. Sitakisema mbele ya watoto hawa waliokaa hapa. Rebecca alitoka gerezani, akarudi kwa wenzake, na kazi ikaendelea.

Na Luc Nkulula. Wengine mlimjua kwa sura. Alikuwa mmoja wa sauti zao kubwa, akachukuliwa na moto nyumbani kwake Goma usiku wa Juni 2018. Hakuuona uchaguzi wa Desemba ile. Kabila hakugombea tena. Uchaguzi ule ulikuwa na madoa yake, tunayajua, lakini katiba iliyosema mihula miwili ilisimama, na iliwekewa mabega na vijana waliokuwa wameanza kwa kudai maji. Wadogo zangu, mngependa niwape ushahidi gani mwingine kwamba mnaweza?

Najua kuna wanaonisikiliza hapa wakisema moyoni, huyu mama anatupigia hadithi za vitambaa wakati wenzetu wanapigwa mizinga. Najua pia kuna wawili au watatu wanaofikiria kurudi kujiunga na Wazalendo, wale wanamgambo wanaopigana na M23, maana mmenijia na kuniambia. Siwezi kumtukana kijana aliyechomewa kijiji akasema anataka bunduki. Ninamwomba tu ahesabu nami. Mashariki ya Kongo kuna makundi yenye silaha zaidi ya 100. Kila moja lilianza kwa kusema linalinda watu wake. Nitajieni moja lililochimba kisima. Nitajieni moja ambalo baada ya mwaka halikuweka kizuizi barabarani na kumtoza mama wa makala, na yule kijana wa chukudu, baiskeli ile ya mbao ya kubebea mizigo, anayeshuka kutoka Kibumba amepiga goti moja juu ya kipande cha ndala, mzigo wa kabichi ukimfunika. Nangoja. Taja.

La mwisho ndilo gumu, na ninaomba mnivumilie.

Juni 2022, wiki ile M23 ilipoichukua Bunagana, niliingia darasani nikakuta benchi moja lina mtu mmoja. Mabenchi mengine wamebanana wanne wanne. Yule aliyeachwa peke yake baba yake ni Mtutsi wa Masisi. Kijana mpole, mkali wa hesabu kuliko wote. Hakuna aliyemtukana, walihama tu. Kabla sijafungua mdomo, msichana mmoja wa Butembo akakusanya madaftari yake, akaenda akakaa pale. Familia yake ilikuwa imepoteza watu Beni, kwa mapanga, kwa hiyo hakuna wa kumfundisha uchungu. Wenzake wakamzomea. Akawageukia: "Huyu ndiye ananielewesha hesabu. Nikifeli mtihani wa taifa, Exetat, nyinyi mtakuja kunifanyia?" Darasa likacheka, na taratibu wengine wawili wakarudi benchi lile. Nimesoma vitabu vya amani vingi, sijakutana na hoja iliyozidi ile.

Nawaambia hili kwa sababu nasikia sauti mnazotumiana kwenye vikundi vya simu. Naletewa. Kijana aliyekaa Kampala salama, anakula, anarekodi dakika tatu za kupima pua za watu na kusema nani si Mkongo. Sauti ile inafika Uvira, inafika Goma, na huko mtu anapigwa mawe. Wewe umeshalala.

Jeshi la Rwanda limeingia kwetu, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo ripoti baada ya ripoti, na mimi nitalisema mchana kweupe mbele ya yeyote. Lakini Mei 22, 2021, Jumamosi ile jioni mbingu ilipokuwa nyekundu na moto wa volkano ya Nyiragongo ukishuka, tulikimbilia wapi wengi wetu? Gisenyi, Rwanda. Nilivuka nimembeba mtoto wa jirani. Mama mmoja, hatujuani, akatutolea mkeka na maji kwenye birika la plastiki, akakaa nasi mpaka asubuhi akiuliza kama kwangu pamefikiwa. Mimi nina kesi na serikali iliyotuma askari. Na mama yule nina deni naye. Mkiweza kuyabeba yote mawili kichwani bila moja kulifuta jingine, nchi ile itakuwa na raia.

Kuhusu masomo nitasema kidogo tu, maana mmechoka kuambiwa someni. Waliokatizwa Exetat na vita, msikiache Kifaransa chenu kife kwa sababu hapa mnasoma Kiingereza. Kongo itawahitaji na vyote viwili. Basi.

Sasa kazi. Nyumba za hapa Nsambya zina watoto wa Kongo ambao hawajaingia shule tangu Februari. Wengine ni kwa ada, wengine ni kwa lugha, wanaona haya kukaa na watoto wadogo kuliko wao. Hili lina jina, na mnaweza kulikamata. Ukumbi huu tumepewa kila Jumamosi asubuhi. Wanaojua Kiingereza wafundishe Kiingereza, wanaojua hesabu wafundishe hesabu. Hatutachagua rais. Kila Jumamosi baada ya somo mtakaa nusu saa, mtajadiliana, mtaamua, na mtaandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka ukutani pale, mahali hata mtoto anapoiona. Mkishindwa kuuonyesha uwazi kwenye shilingi elfu 20 za chaki, msiniambie habari za madini ya Rubaya.

Daftari liko mlangoni, kwa dada aliyevaa kitenge cha bluu. Andika jina, namba ya simu na somo unaloliweza. Na aliye na la kupinga katika niliyoyasema, hasa nyinyi wawili au watatu mnaojijua, msitoke nayo nje. Bado tuna dakika 20. Njooni mbele, nitawapa kipaza sauti.